Vumbi la Darini kwa Mamaw

Asubuhi ile nilikuwa darini kwa Mamaw, nimepiga magoti juu ya mbao, kichwa nimekifunga taulo, nafyonza vumbi ambalo serikali ilikuwa imetuomba kwa heshima zote tusiliguse.

Mamaw, bibi yangu, alikuwa chini ya ngazi. Mkono mmoja kaishikilia ngazi, mwingine ananielekeza, ingawa kutoka pale chini alikuwa haoni kitu.

"Kona ile ya bomba umepita?"

"Nimepita, Mamaw."

"Pita tena."

"Mamaw, daktari si alisema tusi..."

"Nilikuwepo, nilimsikia. Kinachoniuma mimi ni figo, masikio yangu mazima. Pita tena."

Nikapita tena. Mimi si mtu wa kubishana. Shuleni walimu wananiandikia "mtulivu sana," na kuna mmoja nadhani mpaka leo hajui kama nipo darasani kwake.

Daktari mwenyewe hakuwa wa kutibu watu. Anaitwa Halvorsen, mrefu, mwembamba, katumwa na serikali kutoka chuo kikuu na kompyuta yake kutafuta jibu la swali moja. Kile kiwanda kilichoko mwisho wa barabara yetu, kinachotengeneza fueli ya mitambo ya nyuklia tangu Mamaw yuko shule, kilipeperusha urani kiasi gani hewani miaka yote hiyo?

Utasema si wangekiuliza kiwanda? Walikiuliza. Kiwanda kilikuwa na vipimo kwenye mabomba ya moshi, tena vingi, ila vilikuwa na tabia. Siku moshi mwepesi, vinafanya kazi vizuri sana. Siku moshi mzito, vimeharibika. Na siku kipimo kimeharibika, wanaandika sifuri, kwa sababu kama hujapima kitu, basi hicho kitu hakipo. Papaw, marehemu babu yangu, alikuwa mlinzi wa geti pale, na alikuwa akituambia machujio yanabadilishwa siku moja kabla ya wakaguzi kuja. Mkaguzi anakuta chujio jeupe kama shuka la harusi, anapewa kahawa na donati, anaondoka karidhika.

Kwa hiyo Daktari Halvorsen akatukusanya kwenye ukumbi wa kanisa hapa Bent Fork, akatueleza njia yake. Darini hakuna anayefagia. Vumbi likiingia linatua na kukaa, moshi wa mwaka huu juu ya moshi wa mwaka jana. Atachukua vumbi la nyumba za karibu na za mbali, za upande upepo unakoelekea na upande unakotoka, apime urani iliyomo, kisha kompyuta irudi nyuma ikadirie kilichotoka kwenye bomba.

"Vumbi la darini ni shahidi," akasema. "Halisahau, na halipokei mshahara wa kiwanda. Nawaomba sana, msiliguse mpaka nije."

Wote tukatikisa vichwa. Mamaw alitikisa kuliko wengine, na alikuwa na sababu. Serikali ya jimbo iliahidi kwamba makadirio yakivuka mstari fulani, Bent Fork itajengewa kliniki, na ndani ya kliniki kutakuwa na mashine za kusafisha damu za wagonjwa wa figo. Sasa hivi Mamaw anavushwa mlima mara tatu kwa wiki kwenda kusafishwa damu. Mwaka jana barafu ilifunga barabara. Mama ni dereva wa lori, alikuwa safarini Texas, nikabaki naye mimi. Miguu ilivimba mpaka viatu vikakataa. Alikuwa anapumua kama anavuta hewa kwa mrija, na kila nikimtazama ananiambia nikaoshe vyombo. Barabara ilipofunguliwa, nesi alisema tungechelewa siku moja zaidi tusingemleta hai.

Kwa hiyo tulikuwa tunaelewa. Mji mzima ulielewa. Halafu daktari akaharibu.

"Vumbi la kila nyumba," akasema, "nitaliweka kwenye chupa yake, lenye jina la familia, na litapimwa uzito."

Wilma Dean Stidham akanyoosha mkono. Huyu ni mwenyekiti wa wanawake wa kanisa, jirani yetu wa mbele, na hajawahi kunyoosha mkono kwa wema.

"Daktari, hizo chupa watu wataziona?"

"Bila shaka. Siku ya matokeo zote zitakuwa mezani hapa, ili kila mtu aone kazi yetu haina siri."

 Ungeweza kuwasikia wanawake wa Bent Fork wakizikagua nyumba zao kichwani.

Lazima mtu ajue tulivyo. Hapa unaweza kulewa, unaweza kuachika mara tatu, na tutakuombea. Lakini ukifa, wanawake wataleta vyakula vya msiba, na kila mmoja, akishaweka bakuli lake jikoni kwako, atapitisha kidole juu ya friji. Hattie Quarles alizikwa kabla mimi sijazaliwa. Aliwafundisha watoto wa mji huu kusoma, wote. Anakumbukwa kwa kilichokutwa juu ya friji yake.

Sasa watu hawahawa wameambiwa vumbi lao litapimwa uzito, liwekewe jina, lipangwe mezani pembeni ya keki. Kila mmoja akawaza vilevile: sayansi ni muhimu sana, na itapata vumbi la kutosha kwa akina Stidham.

Ndiyo maana nilikuwa darini. Nilipomaliza, nikashuka na fuko la mashine ya kufyonzea limenenepa kama nguruwe wa maonyesho.

"Nilitupe kwenye pipa la nje?"

"Una wazimu?" Mamaw akaangalia dirishani. "Wilma Dean anakaa barazani na ile darubini yake, eti anatazama ndege. Ndege gani wanakaa kwenye pipa langu? Lipeleke bandani. Nyuma ya mti wa Krismasi."

Nikalipeleka. Mti wetu wa Krismasi ni wa plastiki, unakaa kwenye boksi mwaka mzima, na fuko likakaa nyuma yake vizuri tu.

Daktari alipokuja kwetu, uso wake ulikuwa umeshaanza kuchoka. Alikuwa ametoka kwa Wilma Dean, ambaye darini kwake alitandika zulia, akatundika pazia la lesi kwenye kidirisha cha kupitishia hewa, na kuweka bakuli la mawaridi makavu. Kwetu alipanda, akakaa huko muda, akashuka na chupa yake akiitazama kwenye mwanga wa taa.

"Bibi Ketron, darini kwako kuna harufu ya limau."

"Asante," Mamaw akasema.

"Kuna mtu amesafisha hivi karibuni?"

"Kaa ule kwanza, baba, umekonda. Tansy, mkatie mkate wa mahindi." Akamjazia maharage. "Hapa kwangu ni hivihivi mwaka mzima."

"Hata darini?"

"Kwani Mungu haoni darini?"

Daktari hakuwa na kipimo cha jambo hilo. Akanigeukia mimi.

"Na wewe, binti? Huwa unapanda huko juu?"

Nilitazama maharage yangu kama mtihani wa hesabu. Nilikuwa na sentensi nzima tayari mdomoni, na Mamaw alikuwa amesimama nyuma yake kashika mwiko.

"Kuna buibui," nikasema.

Huo ndio ukawa mchango wangu kwa sayansi.

Siku ya matokeo ukumbi ulijaa kuliko Pasaka. Chupa zilipangwa juu ya kitambaa cheupe, majina yanasomeka mpaka mlangoni, na ndani ya kila chupa mlikuwa na kitu kidogo kama majivu ya kiberiti kimoja. Watu hawakukaa. Walipita mezani wakiinama kuzisoma, wanawake mikono nyuma, kama wanaangalia maiti.

Mamaw alirudi kwenye kiti chake macho yanang'aa.

"Umeona ya Wilma Dean?" akaninong'oneza. "Imefika mpaka hapa." Akanionyesha kwenye kucha. "Yetu haijafika hata nusu yake."

Daktari Halvorsen akasimama, akaeleza kwa sauti ya mtu anayesoma wosia ambao hajaachiwa kitu. Vumbi alilopata ni dogo mno, na jipya mno. Kompyuta imekadiria kwamba kiwanda kilitoa kitu kati ya kidogo mno na hakuna kabisa. Mstari wa kliniki haukuvukwa. Haukusogelewa.

"Nina mashaka na matokeo haya," akasema, "na mashaka yangu nimeyaandika."

Bwana Brent Yoakum, msemaji wa kiwanda, alikuwa amekaa mstari wa mbele na meno yake yote. "Daktari, hayo mashaka umeyapima kwa kipimo gani? Yana uzito wa kiasi gani?"

Watu wakacheka. Hata mimi nilitaka kucheka, alivyosema. Kisha akainuka na kutugeukia, mikono kaifungua kama anataka kutukumbatia wote.

"Ndugu zangu, miaka yote wametusema vibaya. Wametuita mji mchafu. Sasa sayansi imeingia mpaka darini kwenu, na imekuta nini? Daktari, umewahi kuona mji safi kama huu?"

"Hapana," akasema Daktari Halvorsen. "Sijawahi."

Basi, watu wakapiga makofi. Si kwa ajili ya kiwanda, nadhani. Tulikuwa tumeambiwa na mtu wa chuo kikuu, hadharani, kwamba darini kwetu ni safi, na hakuna mwanamke wa Bent Fork ambaye angeacha jambo hilo lipite kimya. Wilma Dean alisimama akapunga mkono. Mamaw alipiga makofi kwa ule mkono wenye mshipa uliovimba, unaochomwa sindano kila safari, mpaka bandeji ikalegea. Katikati ya kupiga akasita. Nilimwona akiitazama bandeji, halafu chupa, halafu bandeji. Akaendelea kidogo, polepole, kwa sababu wengine walikuwa hawajaacha.

Kiwanda kilikuwa kinabadilisha machujio kabla ya mkaguzi kuja, sisi tukasafisha dari. Ukikaa miaka mingi jirani na mtu, unamwiga.

Daktari aliandika namba ya simu ubaoni. Ripoti inafungwa Ijumaa ya wiki ijayo, akasema, na kama kuna mtu yeyote ana neno, lolote, ampigie. Alitusubiri. Tulikuwa tunakata keki.

Tukarudi na pikapu ya Mama. Mama anaendesha, mimi katikati, Mamaw dirishani. Tukapita kile kiwanja kilicho wazi karibu na kituo cha petroli.

"Pangekuwa pazuri pale," Mamaw akasema. "Ningekuwa naenda kwa miguu."

"Mamaw, fuko bado lipo bandani."

"Fuko gani?"

"Mamaw."

"Ukilitaja hilo fuko mbele za watu, Tansy, nakufa kwa aibu kabla figo hazijamaliza kazi yao. Umenisikia? Nitakuwa Hattie Quarles wa pili."

Mama akaongeza sauti ya redio.

Jumatatu nikatumwa kwa Wilma Dean kurudisha bakuli. Kwetu bakuli la mtu halirudi tupu, kwa hiyo lilikuwa na pai ya tofaa ndani.

"Tansy, mwanangu! Ingia. Mmh, pai. Mamaw wako siagi haogopi." Alikuwa na wageni wa kwaya jioni hiyo, anapanga viti. "Hebu nenda bandani uniletee kile kiti cha kukunja, hiki kimelegea."

Nikaenda. Nikiwa nimeshafungua mlango ndipo nikasikia kandambili zake zinakuja mbio.

"Ngoja! We mtoto, ngoja, usi..."

Nyuma ya mashine ya kukatia majani kulikuwa na mafuko ya vumbi yamekaa mstari, yamefunikwa kitambaa cha meza cha kanisa. Moja lilikuwa limepasuka, vumbi la kijivu limemwagika mpaka kwenye gurudumu.

Tukayatazama wote wawili.

"Nguo za mitumba," Wilma Dean akasema, anahema. "Za kanisa."

"Ndiyo, Bi Wilma Dean."

"Za yatima."

"Ndiyo, Bi Wilma Dean."

Akavuta kitambaa akafunika lile lililopasuka. Akabaki kainama vilevile. "La Mamaw wako kaliweka wapi?"

"Nyuma ya mti wa Krismasi."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Nilijua! Nilijua Orpha hawezi kuwa na dari ile. Pansy Hobbs kaweka la kwake kwenye friza, chini ya nyama ya paa. Mke wa mchungaji kalitia kwenye boksi la nyimbo za zamani. Sisi wote, Tansy. Hakuna hata mmoja aliyethubutu kulitoa nje, kila mtu anaogopa pipa lake litaonekana."

"Na wewe," nikasema, "na ile darubini."

Sijui maneno hayo yalitokea wapi. Aliacha kucheka.

"Basi vumbi lote lipo," nikasema, sauti imeshaanza kupotea. "Si umwambie daktari? Wewe ni mwenyekiti."

"Ndiyo maana siwezi." Akanyoosha mgongo. Huyu ndiye mwanamke aliyewahi kumsimamisha mchungaji katikati ya mahubiri kumwambia suruali yake ina doa. "Nikisimama mimi, nimesema nini? Kwamba niliwadanganya? Kwamba nina mafuko manne? Manne, Tansy! Mwambie wewe. Wewe huna nyumba, huna jina la kuharibu. Na isitoshe watu huwa hawakumbuki kama ulikuwepo."

Akanipa kiti cha kukunja, nikakibeba mimi.

Nilipotoka pale theluji ilikuwa imeanza, ile ya kwanza, nyembamba, inayeyuka ikigusa barabara. Mlimani ilikuwa haiyeyuki. Mamaw alikuwa amelala, kama anavyolala kila akitoka kusafishwa damu. Nikaingia bandani kwetu, nikakaa juu ya boksi la mti wa Krismasi, nikapiga ile namba. Niliomba asipokee. Hakupokea. Mashine ikasema baada ya mlio niache ujumbe, na nikagundua mashine haiwezi kunitazama.

"Halo, Daktari," nikasema. "Mimi ni yule wa buibui. Nilikudanganya. Buibui niliwafyonza wote. Vumbi lipo, Daktari, halijatupwa. Letu lipo hapa bandani, nimekaa karibu nalo. Lina nywele za paka, sijui kama zinaharibu hesabu. Na la kila nyumba lipo, kila mtu kaficha la kwake ili mwenzake asilione. Usiwaulize kama walisafisha, watakuambia hapana na watakupa maharage. Omba kuazima kiti cha kukunja. Ukishaingia bandani angalia nyuma ya mashine ya majani. Kwenye friza pia, chini ya nyama ya paa. Na tafadhali, chupa za safari hii zisiwe na majina. Weka namba tu. Ungeweka namba tangu mwanzo mambo haya yasingetokea, nilitaka kukuambia siku ile, ila mwiko ulikuwa nyuma yako. Bibi yangu anaitwa Orpha... hapana, futa hiyo. Kuna mtu hapa anahitaji kliniki. Theluji imeanza. Ripoti usiifunge kwanza. Nipigie. Au usinipigie, njoo tu."

Mlio ukalia, ikakata.

Jumanne ilipigwa simu, nikaiwahi kabla haijalia mara ya pili. Mtu wa kuuza mifereji ya mvua. Jumatano mtu huyohuyo.

"Kuna mchumba?" Mamaw akaniuliza. "Mwambie apige mchana, usiku nalala."

Jana nilienda bandani kuhakikisha fuko bado lipo. Lipo. Kuna mtu amelipangusa juu mpaka linanukia limau, na kulisogeza mbele ya boksi la mti wa Krismasi, karibu na mlango, mahali ambapo mtu akifungua tu analiona.

Leo ni Ijumaa, siku ya kufunga ripoti. Barabara ya mlimani imefungwa tangu alfajiri. Mamaw kavaa koti lake, kakaa kwenye kiti cha mlangoni na mkoba mapajani, na viatu kaviweka pembeni, vimekataa. Ameniambia nikaoshe vyombo. Simu nimeiweka juu ya sinki, karibu na mkono, na haijalia.